Nirudishie Macho Yangu

Mama mkwe wangu mtarajiwa hakunipenda, na wala hakujisumbua kuficha. Tangu mwanawe anichumbie, jina langu pale nyumbani lilikuwa "huyo". Huyo amekuja. Mpe huyo kiti. Huyo anaondoka saa ngapi? Siku moja nilimsikia akimwambia mwanawe jikoni, "Mwanamke gani anakutazama jicho moja limeamka, lingine limelala? Utajuaje kama yupo?" Mimi nilikuwa sebuleni nimeshika kikombe. Macho yangu yalikuwa na kasoro, ila masikio Mungu alinipa yote mawili mazima.

Nisiwe mnafiki, alichosema kilikuwa kweli. Nilizaliwa na kope nzito ya jicho la kushoto. Ilining'inia mpaka nusu ya mboni, na kwa ajili yake mtaa mzima uliniita Sinzia, tangu niko shule mpaka nimekuwa mtu mzima na saluni yangu. Msusi anashinda amesimama mbele ya kioo. Mteja anakaa, ananitazama humo kiooni, anauliza, "Dada, jana hukulala?" Mwingine jioni, "Funga basi ukapumzike, umechoka." Ukiambiwa kila siku umechoka, mwishowe unachoka kweli.

Ndiyo maana nikaenda kufanyiwa upasuaji. Na ndiyo maana mchana ule, nyuzi zimeshatolewa, uvimbe umekwisha, macho mawili yako sawasawa na wanja wake mwembamba, nilikuwa mlangoni kwa mama mkwe nabisha hodi. Mwanawe alikuwa kazini kwake. Nilikwenda peke yangu makusudi. Nilitaka anitazame usoni, halafu atafute sababu nyingine ya kunikataa.

Alifungua mlango mwenyewe.

"Karibu, huy..." akaanza, akaishia hapo.

Mikono yake ilikuwa na maji ya vyombo, na maji yale yakawa yanadondoka sakafuni tone baada ya tone, yeye ananitazama tu. Nikamwamkia. Hakuitika. Akaninyanyulia mikono ileile, akanishika mashavu, akasema kwa sauti ya chini, "Umechelewa."

"Nimechelewa wapi, mama? Mbona sikusema kama nakuja?"

"Umechelewa sana," akasema, na machozi yakamtoka.

Akanishika mkono akaniingiza ndani kama mtoto aliyepotea akaonekana. Kiti changu cha siku zote kilikuwa kile cha karibu na mlango, cha wageni wasiotakiwa kukaa sana. Safari hii alinipitisha hapo, akaniketisha kwenye kochi la dirishani. Akaliweka sawa pazia ili mwanga usinipige usoni.

"Kaa kwako," akasema.

Akaleta chai. Nilikunywa funda moja, ilikuwa haina sukari hata chembe.

"Samahani, mama. Naomba sukari kidogo."

"Sukari hutumii," akasema huku anatabasamu.

"Natumia, mama. Vijiko viwili."

Akacheka kama mtu anayetaniwa na mtu wake, wala hakuinuka. Alikaa mbele yangu, magoti yake karibu yaguse yangu, akanitazama. Nimewahi kutazamwa vibaya na mama huyo na nilizoea. Mtazamo huu mpya sikuuzoea. Nilikunywa ile chai chungu yote kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Mama, mimi nimekuja tuzungumze," nikasema. "Kuhusu mimi na mwanao. Najua hukuwa umeridhia..."

"Nani hajaridhia?"

"Wewe, mama. Ulisema..."

"Mimi niseme nini? Fungeni ndoa hata kesho. Nyumba hii ni yako, mwanangu."

Mwanangu. Neno hilo nililililia usiku mpaka mto wa kitanda ukalowa. Niliwahi kujipanga namna nitakavyofanya siku nikilisikia: nitapiga magoti, nitamshika miguu, tutalia wote, yatakwisha. Sasa limekuja, na mwili wote ukanisisimka mpaka kwenye kisogo, kwa maana macho yake yalikuwa kwangu lakini neno lenyewe hakuniambia mimi.

Akaniinamia. "Ila nakuomba kitu kimoja tu. Safari hii usiondoke bila kuaga."

Nikaweka kikombe chini.

Mchumba wangu ni mgane, hilo lazima nilieleze. Mkewe alifariki kabla sijamfahamu, aliugua kwa muda mfupi tu. Nilipoingia katika maisha yake, picha zote za marehemu alizikusanya akazileta kwa mama yake azitunze. Alisema ni kwa heshima yangu. Mimi nikamwona muungwana. Kwa hiyo sikuwahi kumwona marehemu yule hata kwenye karatasi.

"Mama," nikasema, "naomba nione picha ya marehemu."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Kwani wewe hujioni?"

Lakini aliinuka. Alirudi kutoka chumbani na picha moja ya fremu, imefungwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Akaifungua taratibu, akanipakatisha mapajani.

Sura yake ilikuwa ndefu, yangu ni ya duara. Pua haikuwa yangu, midomo haikuwa yangu, alikuwa na kidevu chembamba na mimi kidevu changu ni kama cha baba. Macho ndiyo yalikuwa yangu. Yaani haya mapya. Ule mkunjo wa kope unaoanza mwembamba karibu na pua, ukapanuka, ukapanda kidogo mwishoni. Ule uwazi. Hata ile hali ya kama mtu anayetaka kukuuliza jambo. Nilikuwa nimejipaka wanja asubuhi ileile, kope hizo nazijua kama ninavyoijua mistari ya nywele. Mkono ulinipanda wenyewe ukafunika uso.

"Usiyafiche," mama mkwe akasema. "Nimeyakumbuka sana."

Nikamwomba nitoke nayo picha ile, nimpelekee mwanawe. Hakubisha. Angenipa hata nyumba. Nilipofika barabarani niligeuka, akawa bado yuko mlangoni ananipungia mkono, na hakuacha mpaka nilipokata kona.

Njia nzima nilikuwa naikumbuka siku ya upasuaji. Daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba wagonjwa wengi wa kope humletea picha za ujana wao, ili ajue macho yalikuwaje kabla ya kushuka. "Wewe umezaliwa nalo hivi," akasema, "kwa hiyo niletee picha ya unavyotaka uwe." Nilimweleza mchumba wangu. Yeye ni mpiga picha, kazi yake ni hiyohiyo, kuondoa chunusi za watu na kuwasawazisha. Alichukua picha yangu, akakaa na kompyuta yake jioni moja akipiga mluzi, akanitengenezea macho mawili mazuri. Daktari alipoiona alifurahi, akasema atazigusa kope zote mbili ili zilingane. Alisema laiti kila mgonjwa angekuja na ramani.

Akaibandika kwa plasta ukutani, juu ya kitanda. Upasuaji wa namna ile unafanyika uko macho, wanakuchoma sindano ya ganzi tu, maana daktari anataka aone kope zinavyokwenda. "Fumbua. Fumba. Tazama juu." Kila aliposema nitazame juu, nilikuwa natazama picha ile. Kumbe nilikuwa nimelala hapo nakatwa, na marehemu ananitazama.

Na dada yangu alikuwa ameniambia. Nilikaa kwake siku za mwanzo, ananiwekea vitambaa vya baridi. Asubuhi moja akasema, "Mdogo wangu, unalala macho hayajafumba. Unanitazama usiku kucha." Nikamwambia daktari kasema ni kawaida, kope zikilegea zitafumba. "Sikatai," dada akasema, "lakini wewe nimelala na wewe kitanda kimoja toka tukiwa watoto. Hutazami hivyo." Nikamcheka, nikamwambia ana wivu.

Na mpenzi wangu je? Zamani alikuwa akilibusu jicho langu lililolala, halafu analinong'oneza, "Amka basi, wenzio tumeshaamka." Tulicheka mpaka basi. Tangu nyuzi zitolewe hajanitania hata siku moja. Ananitazama tu. Tunakula, ananitazama. Nasuka kichwa cha mteja, amekaa kwenye benchi la saluni ananitazama kiooni mpaka mteja anaona aibu. Nikasema sasa mapenzi yamepamba moto. Nilikuwa natembea mabega juu mtaani.

Studio yake ina dirisha kubwa la kioo, na humo ameweka picha bora za kazi yake. Nimepita mbele ya dirisha lile mara nyingi kuliko mlango wa kwetu. Siku hiyo nilisimama.

Kulikuwa na bibi harusi, shela limemfunika mabega. Kulikuwa na mzee wa suti aliyestaafu, wasichana mapacha, mhitimu na joho lake. Kulikuwa na mwenye bucha wa jirani, ambaye kila mtu anamjua kwa macho yake madogo kama matundu ya kifungo. Sura zote mbalimbali. Na katika kila sura, mkunjo uleule, mwembamba karibu na pua, unapanda mwishoni. Mwenye bucha mwenyewe, na sharubu zake, alikuwa ananitazama kwa macho ya mwanamke aliyekufa.

Nikasogea kulia, wakawa wananitazama. Nikasogea kushoto, vilevile. Kisha nikajiona mwenyewe kwenye kioo cha dirisha, katikati yao, nimefanana nao kama ndugu wa tumbo moja. Nikawaza sebule zote za mji huu zenye picha kutoka studio hii, zimetundikwa juu ya makochi, watu wanakula chini yake. Nikasukuma mlango.

Alikuwa kwenye kompyuta, mgongo umenielekea, anasafisha picha ya mama mmoja na mwanawe mchanga.

"Mpenzi, karibu," akasema kabla hajageuka. Kisha akageuka, na kama ilivyokuwa desturi yake mpya, akayatazama macho yangu kwanza. "Umetoka wapi? Mbona umepauka?"

"Kwa mama."

"Peke yako? Amekutukana?"

"Macho unayatoa wapi?" nikamuuliza.

"Macho gani?"

"Ya watu unaowapiga picha. Huyo mama hapo kwenye skrini. Mwenye bucha. Wote wale dirishani. Unayatoa wapi?"

Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua ameulizwa nini. "Sasa swali gani hilo? Ni ya kwao. Mimi nayasawazisha tu. Mtu akiwa na jicho kubwa na dogo, au amechoka, naweka sawa. Mkono umezoea, wala sifikirii."

Nikafungua kitambaa. Nikaisimamisha ile fremu pembeni ya skrini, nikamwacha.

Hakuwa ameitazama picha ile tangu aipeleke kwa mama yake. Alivyoiona kwanza aliinamisha kichwa, kwa heshima ya marehemu. Kisha akakiinua, akamtazama. Akamtazama yule mama wa kwenye skrini. Akarudi kwenye fremu. Mkono wake ukatoka kwenye kipanya cha kompyuta kama umegusa pasi ya moto.

"Hapana," akasema.

Akainuka, akaenda dirishani, akazigeuza picha zake upande wa ndani akizitazama moja moja. Aliporudi, uso wake ulikuwa umekwisha.

"Sikujua," akasema. "Naapa kwa Mungu, sikujua. Mimi nimekuwa najiambia nimemsahau."

"Nakuamini."

Na kweli nilimwamini, hilo ndilo lililoniumiza. Angekuwa amefanya makusudi ningemzaba kibao, nikamtukana yeye na ukoo wake, nikarudi saluni kwangu na hasira zangu. Utamgombezaje mtu kwa kitu ambacho mkono wake umefanya bila yeye kuwepo?

"Nitakwenda kwa daktari," akasema haraka. "Tutarudi. Atarekebisha."

"Anirekebishe afuate picha ipi? Hiyo utakayotengeneza wewe?"

Akaitazama mikono yake.

"Mama amekubali," nikamwambia. "Anasema tufunge ndoa hata kesho. Ameniita mwanangu."

Hapo ndipo nilipoona jambo nililolihofia tangu kule kwa mama yake. Uso wake uliokuwa umekwisha ukawaka. Alijaribu kuuzuia, maskini, lakini macho hayana pazia.

"Amekubali?" akasema. Akanishika mikono yote miwili. "Sinzia, si ndicho tulichokuwa tunakililia? Tuoane basi. Haya mengine, kwani ni nini? Ni kope tu. Wewe ni wewe. Nakupenda wewe."

"Mimi yupi?"

"Usiongee hivyo."

"Nakuuliza taratibu kabisa. Ulipokuwa unakuja saluni kunikalia kwenye benchi, wiki hizi zote, ulikuwa unamtazama nani?"

"Wewe."

"Mpenzi."

"Sijui," akasema. Kwa heshima yake, hakunidanganya. "Najua nikikutazama natulia. Moyo unatulia, ambao haukutulia miaka. Hilo ni kosa?"

Nampenda mtu huyu. Anajua ninavyolala na ninavyocheka, aliwahi kukaa usiku mzima hospitali na baba yangu wakati ndugu zangu wa damu wamezima simu. Na mlango niliougonga muda wote ulikuwa umefunguliwa mpaka mwisho. Ningeweza kuingia. Ningekunywa chai isiyo na sukari, nikapendwa na mama na mtoto mpaka kufa, na hakuna hata mtu mmoja ambaye angejua mimi sikuwemo. Mimi nilitaka kitu kidogo tu. Nilitaka anitazame, anione.

"Nirudishie macho yangu," nikamwambia.

"Vipi?"

"Kaa hapo. Chukua picha yangu ya juzi, hii yenye macho mapya. Nitengenezee yale ya zamani. Lile jicho langu. Ila picha za zamani usizifungue. Fanya kwa kichwa chako."

"Sinzia, nina hilo jicho moyoni."

"Basi litoe."

Akakaa. Niliona anafurahi kupewa kazi, mwanamume akipewa kazi huona mambo yanaelekea kupona. Akaifungua picha yangu. Akajifuta viganja kwenye suruali, akashika kipanya, akaanza. Nilisimama nyuma yake. Mara ya kwanza mkono ulikwenda kulekule ulikozoea, akasonya, akafuta. Akaanza upya. Akaivuta kope chini taratibu, akaipa uzito, akaweka kivuli chake kidogo juu ya mboni. Aliifanya kwa upendo, hilo siwezi kumnyima. Mgongo wake wote ulikuwa unaomba.

"Hivi," akasema mwishowe, akageuka. "Ndivyo ulivyokuwa, si ndiyo?"

Ilikuwa kazi nzuri. Kope imefika nusu ya mboni kabisa, nzito, yenye usingizi wake. Lakini alikuwa ameliteremsha jicho langu la kulia, na lililolala lilikuwa la kushoto.

Nilisubiri alione. Alikuwa ananitazama kwa matumaini, kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani. Jicho alilolibusu mara zisizohesabika, akaliambia liamke. Hakulijua liko upande gani.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ndivyo nilivyokuwa."

Machozi yakanijia kwa nguvu, na sikutaka ayaone, basi nikafumba macho. Kope zangu zilikuwa zimeanza kulegea siku hizo, zilifumba vizuri mpaka mwisho. Nikabaki nimesimama gizani, nasikia pumzi zangu.

"Sinzia," akasema.

Nikazidi kuyafumba.

"Fumbua macho, mpenzi."

Nikasikia kiti kinarudi nyuma. Akanishika mabega. Mwanzoni alinishika polepole.

"Fumbua. Nakuomba fumbua. Nitazame." Sauti ilikuwa imebadilika, sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyepiga magoti pembeni ya kitanda. Akanitikisa. "Mimi niko hapa, sijaenda popote. Fumbua macho. Usinifanyie hivi tena."

Mimi sikuwahi kumfanyia hivyo hata siku moja.

Nikafumbua. Yeye akashusha pumzi kama aliyenusurika kuzama, akacheka huku analia, akanishika uso na kunitazama kwa furaha ambayo mwanamke yeyote angetoa kila alicho nacho aipate. Akadhani nimefumbua kwa ajili yake. Nilikuwa natafuta mlango.